Sayari Iliyopewa Jina Langu Bila Kubisha Hodi

Kisangani, Commune ya Kisangani,
nyuma ya libongo, yaani bandari ya mto

Kwa Mkubwa wa Ofisi inayochunga darubini iliyo angani pamoja na data zake,
Ng'ambo

Objet: Kuondolewa kwa jina langu juu ya sayari, kabla mjukuu wangu hajazaliwa

Mkubwa wa Darubini,

Pokea heshima zangu zote, pamoja na zile za akiba, kwa sababu sijui kama wewe ni bwana ao bibi, wala una umri gani. Ninakuandikia kwa Kiswahili. Lionel alijitolea kunitafsiria, lakini Lionel ni mshitakiwa wa pili katika barua hii, na mshitakiwa hatafsiri mashitaka. Data zenu zilifika kwetu katika lugha yenu, tukatafuta mtu wa kutusomea. Na nyinyi tafuteni.

Ninaitwa Micheline Lofemba. Mimi ni mjane, mama wa watoto wanne, na mwenye baleinière mbili, zile boti kubwa za mbao zenye motere, ambazo zinashuka mto hadi Isangi na kupanda tena na mchele, samaki wa moshi na kwanga, ile mikate ya mihogo. Nilianza na beseni moja la mikate kichwani. Hakuna mtu aliyenisukuma kwa nyuma, isipokuwa wale waliotaka nipishe njia. Ninayasema haya si kwa kujisifu. Ninataka ujue kwamba jina mnalolichezea huko juu halikuokotwa. Lilitengenezwa, na lilichukua muda.

Bon, kisa chenyewe ni hiki.

Lionel ni mtoto wa marehemu ndugu yangu Léon. Alikulia katika parcelle yangu, nyumbani kwangu, na sasa ni assistant katika kitivo cha sayansi hapa mjini. Kazi yake ni nyota, lakini usidhani anaangalia juu. Sijawahi kumwona anaangalia juu, hata mvua ikitaka kunyesha. Anaangalia ordinateur, kompyuta yake. Darubini yenu inapima mwanga wa nyota nyingi sana, na nyinyi, kwa ukarimu ambao hakuna aliyewaomba, mnaweka vipimo vile mahali ambapo mtu yeyote mwenye internet anaweza kuchukua. Mimi ninafanya biashara ya chakula. Ninajua kinachotokea unapoacha mlango wa depo wazi.

Lionel akaingia, akachukua. Alikuwa anatafuta nyota ambayo mwanga wake unapungua kidogo, unarudi, unapungua tena, kwa kipimo kilekile, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba kuna kitu kinapita mbele yake. Mwaka jana akapata moja ambayo watu wa ng'ambo walikuwa wameiruka. Profesa wake, Papa Hugues, akahakikisha. Wenzenu nao wakahakikisha, wakasema ndiyo, inafanana na sayari, iandikwe kama candidat wakati uchunguzi unaendelea. Katika makaratasi yenu ina namba ndefu kama ya telefone ya nchi mbili. Lakini mtu hawezi kuita namba asubuhi na jioni, alors Lionel akaipa jina la kazini. Na siku redio moja ya mji ilipomwalika, akasema wazi: "Nimeiita Micheline, jina la tantine yangu aliyenilea."

Libongo lote lilikuwa linasikiliza.

Utasema ni heshima. Mkubwa, ningekuwa mtu wa kushibishwa na heshima, mpaka leo ningekuwa chini ya beseni lile.

Nikueleze desturi, kwa sababu ninaona hamkuelezwa. Kwetu watu wa mto, wa Yanonge na Isangi, jina halitupwi hewani. Ukimpa mtoto jina la mtu, wale wawili wanakuwa ndoyi, somo kwa somo, na kati ya ndoyi na ndoyi kuna wajibu. Wazazi wanamleta mtoto nyumbani kwa mwenye jina. Mwenye jina anampakata, anambariki, anampa kuku na kitambaa. Toka siku ile, mtoto akifaulu mtihani nimefaulu mimi, na akiiba mapapai ya jirani, ni mimi niliyepanda ukuta.

Sasa fika hapa panapouma. Binti yangu wa mwisho, Déborah, ana mimba ya miezi minane, na échographie imeonyesha msichana. Siku tulipomwoza kwa Osée, familia mbili zilikaa, zikapatana mbele ya mashahidi kwamba ndoyi wa kwanza atatoka upande wetu, maana yake mimi, na wa pili atatoka upande wao, maana yake mama yake Osée, Mama Joëlle. Huyu Mama Joëlle ni mtu wa Maniema, anauza vitenge, na ana akili nyingi kuliko zile kazi yake inazohitaji. Wiki ileile ya redio alifika kwangu na mashahidi walewale, akakaa, akakubali maji, akaniita bokilo, yaani mkwe, akasema kwa upole kabisa: "Mama bokilo, félicitations. Umepata ndoyi. Donc zamu yenu imepita. Huyu mutoto wa ndani ni Joëlle."

Nikamwambia sayari si mtu. Akanijibu kwamba mapatano yetu yalisema ndoyi wa kwanza, hayakusema awe na miguu.

Nimetafuta tundu katika hoja ile, Mkubwa. Nimeigeuza kama mtu anayekagua gunia la mchele chini na juu. Haina tundu. Kwa hiyo, kama chini hakuna njia, njia iko kwako. Jina litoke juu ili lishuke kwa mtoto. Na ili usiseme Micheline analalamika kwa ajili ya mjukuu peke yake, hapa chini ninaorodhesha makosa ya sayari yenyewe, ambayo yangetosha hata kama Déborah asingekuwa na mimba.

1. Sayari haikuletwa nyumbani. Nilimwuliza Lionel, mzazi wake kwa njia ya ordinateur, ni siku gani atanileta ndoyi wangu nimpakate. Akaniletea karatasi. Juu ya karatasi kulikuwa na vitone vingi vimepanga mstari, na katikati ya mstari kuna bonde dogo, kama kitanda cha mtu mnene. Akaonyesha bonde lile kwa kidole, akasema: "Tantine, ndiye huyu." Nimepakata watoto wengi wenye sura ngumu na sikuwahi kukosa neno la kusema. Siku ile niligeuza karatasi nikaangalia nyuma yake.

Nikasema basi, kama yeye hawezi kuja, mkubwa atamfuata mdogo, mimi nina boti. Lionel akaniambia umbali ni miaka mia tatu na kumi na miwili ya mwendo wa mwanga. Nikaomba kilometa. Akaniandikia, na zile sifuri zilivuka pembe ya karatasi. Nilipiga hesabu mwenyewe kwa mwendo wa baleinière yangu iliyo nzuri, kilometa kumi kwa saa, mchana na usiku, bila kusimama Yanonge kupakia, bila barrière za askari, bila motere kuzimika. Ni miaka bilioni thelathini na nne hivi, na hiyo ni kama tunashuka mto. Lionel akacheka, akasema ulimwengu wote haujafikisha hata bilioni kumi na nne. Yaani ili nimfikie ndoyi wangu leo, nilipaswa kufungua kamba kabla mto haujawekwa. Ni nani kati yenu aliyefikiri jambo hili kabla ya kukubali jina?

2. Anaitwa Micheline b. Lionel anasema ndiyo kanuni yenu: a ni nyota yenyewe, sayari ya kwanza kuonekana inachukua b. Mkubwa, mimi nilikuwa na mume mmoja, marehemu Noël, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote ile nilikuwa a. Katika mji huu mwanamke wa pili anaitwa deuxième bureau, na hakuna anayetangaziwa redioni. Yaya Lydie, anayeuza samaki mbele ya depo yangu, mtu asiye na ubaya, aliniuliza kwa huruma: "Na huyu a, munapatana?"

3. Anakula mwanga. Nimeshakueleza kwamba aibu ya ndoyi ni aibu yangu. Lionel alieleza redioni, tena kwa furaha, namna alivyomgundua: kila baada ya siku nne na masaa kidogo Micheline anapita mbele ya nyota, na mwanga unapungua muda wa saa tatu. Sijui kama kwenu umeme unakatika. Hapa, kuwaambia watu kwamba kuna mwanamke anaitwa Micheline, akipita mwanga unapungua saa tatu, ni kumtafutia mwanamke yule maadui wapya wakati wa zamani hajawamaliza. Kila umeme ukienda, wananiita. Arthur, kinyozi wa pembeni mwa barabara, alisimama mlangoni na mashine mkononi, akasema: "Mama Micheline, tafazali, pita mbio kidogo. Niko na client mwenye nusu kichwa." Yule client naye alisimama nyuma yake. Ni kweli ilikuwa nusu.

Nilimwuliza Lionel ni mwanga kiasi gani hasa unaopungua. Sehemu moja kati ya elfu. Mkubwa, panya wa ndani ya baleinière wanakula zaidi ya hapo katika kila safari, na sikuwahi kuwapeleka redioni, wala sikuwapa jina la mtu wa familia.

4. Mwili wa sayari. Imeandikwa, na sasa imejulikana hadi Bengamisa, kwamba Micheline ana upana mara tatu na zaidi ya dunia nzima. Imeandikwa kwamba ana joto la digrii mia tisa. Imeandikwa kwamba huenda sehemu kubwa ya ndani yake ni gesi. Imeandikwa kwamba anaangalia nyota yake kwa uso mmoja tu, hageuki, kwa hiyo upande mmoja unaungua na upande wa pili haujawahi kuona asubuhi. Mabaharia wangu, watu ninaowalisha mimi, wamekaa juu ya magunia yangu wakasema hakuna jipya hapo, wao walishajua pande zote mbili. Na bado haijaisha. Lionel ameomba, kwa barua rasmi, masaa ya darubini nyingine kubwa iliyo juu ya mlima, nchi ya mbali, ili Micheline apimwe uzito. Mzee Emile, capita, yaani msimamizi wa boti yangu, alitaka kujua kama mlima ule utabeba. Ninakuuliza wewe kama mtu mwenye elimu: katika ofisi yenu, mnazunguka na kuomba vipimo vya uzito wa mwanamke mjane bila kumtumia hata salamu?

5. Anatembea mtupu. Hili mtu wa biashara tu ataelewa. Anazunguka nyota yake yote kwa siku nne na masaa, anarudi palepale, anaanza tena. Nilimwuliza Lionel anabeba nini. Habebi kitu. Toka nianze kazi ya mto sijawahi kurudi kutoka Isangi na boti tupu. Hata msimu ule maji yalipokauka na wachuuzi wote wakakaa wakalia, nilirudi na mifagio. Ndoyi wangu amefanya safari nyingi kuliko mchanga, na hajaleta hata ufagio mmoja.

6. Congélateur yangu ya kugandisha samaki. Data zenu ni nzito, na kuzichukua kunataka groupe, yaani jenereta, iwashwe. Groupe yangu haiwezi kubeba ordinateur na congélateur kwa pamoja. Lionel alichomoa moja. Hakuchomoa ordinateur. Ili Micheline mmoja aonekane, samaki capitaine wa Micheline wa pili walianza kunuka, na jirani wakaanza kuuliza ni nani amefariki.

7. Umri. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda, na ni hapa nilipodhani nimeshinda.

Mwanga ambao darubini yenu imeupokea ulitoka kule miaka mia tatu na kumi na miwili iliyopita. Maana yake, tunachokiona ni Micheline wa zamani zile, na tayari alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake ya kuzunguka. Mimi nina miaka hamsini na minane. Sasa, kati ya ndoyi wawili, mkubwa ndiye mwenye jina na mdogo ndiye aliyepewa. Nani mkubwa hapa? Ni yeye. Donc si yeye aliyepewa jina langu. Ni mimi niliyepewa jina lake. Marehemu mama yangu, pale Yanonge, bila kujua na bila telefone, alimpa mtoto wake jina la sayari. Kutoka hapo yanafuata mambo mawili. La kwanza, kuku na kitambaa ni wajibu wake kwangu, na amechelewa. La pili, na ndilo kubwa: kama mimi ndiye mdogo, basi mimi sijapata ndoyi bado. Zamu ya upande wetu haijaguswa. Mtoto wa Déborah ni Micheline.

Nilivaa kitenge changu cha sherehe, nikaenda hadi Mangobo kwa Mama Joëlle, nikamweleza hoja hii mbele ya wateja wake, kwa utulivu, nikichora miaka juu ya meza kwa chaki yake ya kukatia vitambaa. Aliifuata hesabu ile kwa kidole, mwaka kwa mwaka, nami nikaanza kufurahi. Halafu akasema: "Basi jina si lako, mama bokilo. Ni la ule wa juu. Sasa utagawaje jina ya kukopa?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Kwa hiyo unaona, Mkubwa, sikuja kwako kwa mchezo. Nimepita milango yote ya chini. Nilimpelekea mchungaji, akasema tuombe. Nilimpelekea Papa Hugues, akasema jina lile si rasmi, ni la mazoea tu, kwenu ile ni namba. Nikamwambia, Papa Hugues, hata mimi katika carte d'électeur, ile ya kupigia kura, ni namba, na hakuna anayeniita hivyo. Akarudi kwenye makaratasi yake.

Ninachoomba ni hiki. Ninakupa nafasi ya kuchagua, kama ninavyowapa wateja.

Kwanza, mfute jina la Micheline popote lilipoandikwa juu ya sayari ile, na mumwambie Lionel kwa maandishi, kwa sababu maneno ya mdomo anayajibu. Wamwite jina la mtu asiye na familia. Kama mnakosa, waiite Lionel. Ana gesi ya kutosha.

Kama hilo ni gumu, muigeuze darubini yenu upande mwingine, hadi Déborah azae na mtoto apewe jina. Nimeambiwa nyota ni nyingi mno. Hamtakosa cha kuangalia kwa wiki tano. Mwanga usioangaliwa haupungui, na mashahidi wa Mama Joëlle hawatakuwa na la kushuhudia.

Kama na hilo halitoki, mniandikie cheti kwamba kitu kisicho na miguu, kisichoweza kuletwa nyumbani na kisichokula kuku hakihesabiwi kuwa ndoyi mbele ya sheria ya anga. Kipigwe muhuri wa duara. Mama Joëlle haamini muhuri wa pembe nne.

Na ikiwa yote matatu yanawashinda, basi kubalini kwamba nyinyi ni wazazi wa sayari, maana ni jicho lenu lililomwona kwanza, na wazazi wana kazi zao. Njoo mwenyewe. Mlete ndoyi wangu, ao useme kwa mdomo wako mbele ya familia mbili kwa nini hukumleta. Utapokelewa vizuri, utakula samaki na kwanga, na utakaa kwenye kiti cha plastiki kama wakwe wote waliokosea. Nina uhakika kwamba baada ya saa moja mbele ya Mama Joëlle utaifuta wewe mwenyewe sayari, na nyota yake juu.

Sina chuki na kazi yenu. Nimeambiwa darubini iko mbali na dunia, peke yake, kwenye baridi, na haijawahi kurudi nyumbani toka itumwe. Hilo ninaliheshimu. Nina watoto wa watu ninaowatuma mtoni, na ukipima kwa mateso yao, wanafika mbali kuliko hapo. Msalimie yule anayeichunga kule juu, kama yupo sentinelle, mwambie ajifunike. Wasalimie wanaofuta kioo, wanaohesabu mwanga, na yule aliyekuwa na wazo la kuacha data wazi kwa kila mtu; huyo mwambie aje kwanza anione kabla hajapata wazo lingine. Hapa wanakusalimu Déborah na miguu yake iliyovimba, Osée mkwe wangu ambaye hana kosa ila mama, Yaya Lydie, Mzee Emile, Arthur kinyozi pamoja na yule client, ambaye umeme ulirudi akamaliziwa. Lionel pia anakusalimu, ingawa sikumpa ruhusa.

Kwa uvumilivu ambao unaelekea mwisho wake, na kwa heshima ambayo bado iko nzima,

Micheline Lofemba
Mwenye baleinière mbili, a

Copie kwa taarifa: Papa Hugues wa kitivo cha sayansi; mchungaji; Mama Joëlle wa Mangobo, asome na yeye.

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijafungwa Déborah aliposhikwa na uchungu. Amezaa jana, kabla ya wakati wake kidogo, salama, msichana. Tulikuwa sote maternité, upande wao na upande wetu, kila mmoja anamwangalia mtoto kwa upande wake. Mama Joëlle alikuwa ameshasoma copie yake. Akanivuta kando, lakini si kando sana, ili muuguzi asikie, akasema: "Mama bokilo, nimesoma. Sayari hauitaki, na mimi ninaipenda. Tubadilishane. Twaa mutoto, aitwe Micheline. Mimi nipe ile ya juu, Lionel aiandike Joëlle. Leo leo."

Mkubwa, ni yote niliyokuomba, tena bila kulipia timbre ya barua na bila kungoja ofisi. Watu wote waliniangalia. Déborah aliniangalia kutoka kitandani. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, na neno lililotoka ni hapana.

Walidhani nimechoka, wakanipa kiti. Nikasema tena hapana. Nilipoona hakuna anayeelewa, nikajaribu kueleza, nikajisikia ninasema kwamba toka aanze kuchunguzwa, Micheline hajachelewa hata mara moja. Mimi ninajua watu wa safari. Nimeajiri manahodha, nimewafukuza, nimeolewa na mmoja. Hakuna aliyewahi kupita saa aliyosema atapita. Huyu anapita. Hana mzigo, ni kweli, lakini hakuna aliyempa. Na sasa nimpe mtu wa vitenge, ambaye hata saa ya kufungua duka lake haijulikani?

Mtoto ni Joëlle. Tumepatana, mashahidi walikuwepo. Nimempakata. Ana paji la uso la kwetu, pana, lile la mama yangu, na akishika kidole chako anakishika kama kamba ya boti inayotaka kuondoka. Jina watu wanaweza kupatana juu yake. Paji la uso hakuna aliyeomba kubadilishana.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya saba ufute. Maombi yote manne ufute. Jina libaki lilipo, na ile b mwiache, nimeambiwa wakipata nyingine itakuwa c. Na tafadhali msiigeuze darubini. Lionel anasema anapita tena alhamisi, saa nane mchana ya kwetu. Nitakuwa mtoni na telefone haishiki baada ya Yanonge. Muniandikie kama amefika salama.